Saikolojia Tiba: Ni Kazi Gani, na Wataalamu Wake Hupatikanaje?



Jumapili moja baada ya Misa, baba mmoja kutoka vijiji vya upande wa Mchuchuma alinisubiri nje ya kanisa. Nilidhani ana mgonjwa nyumbani. "Hapana dada," akasema, "leo shida yangu ni ya shule." Binti yake amemaliza shahada ya kwanza, na badala ya kutafuta kazi anataka kuendelea na shahada ya uzamili katika somo linaloitwa saikolojia tiba. Baba huyu ameuza mahindi na ng'ombe wawili kumfikisha binti hapo alipo. Akaniuliza kwa uchungu kidogo: "Miaka yote hii ya ada, halafu akasomee kuongea na watu? Kuongea nako kunasomewa?"

Nilimjibu kwa muda wa nusu saa hivi, tukiwa tumesimama juani. Lakini najua wazazi wengi wana swali kama lake, na wagonjwa wengi wanahitaji jibu lake kuliko hata wazazi. Ndiyo maana somo la mwezi huu nimelitoa huko.

MGONJWA ASIYEONEKANA KWENYE KIPIMO

Nianze na kisa kimoja cha zamani, katika hospitali niliyofanya kazi nikiwa bado kijana. Alikuwapo mama mmoja aliyekuja kwetu mara 11 katika mwaka mmoja. Alilalamikia tumbo, mara kichwa "kinawaka moto", mara moyo unaenda mbio. Tulimpima malaria, tukampima choo, tukampa dawa ya minyoo, kisha ya vidonda vya tumbo. Kwenye cheti chake kila mtu aliandika lake. Alipokuja mara ya 12 alikosa gari la kurudi kwao, akakaa wodini kusubiri kukuche. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, nakunja gozi. Mnamo saa tisa alianza kuzungumza mwenyewe. Mumewe alifariki kwa ajali barabarani karibu na Makambako. Baada ya arobaini, shemeji zake walichukua shamba. Tangu hapo hajalala usiku mmoja mzima, na mara mbili alikwenda mtoni akiwa na nia ambayo hakuitaja kwa jina.

Nilikuwa na vitanda 30 na msaidizi mmoja. Nilimpa chai ya maziwa, nikamsikiliza mpaka kengele ya asubuhi. Sikujua la kufanya zaidi. Nilipochukua diploma ya uuguzi, wiki tulizokaa wodi ya magonjwa ya akili tulifundishwa namna ya kumtuliza mgonjwa mwenye vurugu. Hakuna aliyenifundisha kumtibu mtu aliyetulia kimya.

Mtu anayefundishwa hivyo ndiye mwanasaikolojia tiba.

TUSIWACHANGANYE WATAALAMU

Wengi wetu tukisikia "mambo ya akili" tunafikiria Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyopo tangu miaka ya 1920, na tunawaza minyororo na makelele. Wengine wanajua Lutindi kule Korogwe, ambako wamisionari wa Kilutheri wamekuwa wakihudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Huko kote wapo wataalamu wa aina mbalimbali, na kila mmoja ana kazi yake.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili. Alisoma udaktari miaka 5, akafanya mazoezi ya kazi mwaka 1, kisha akasomea ubingwa miaka mingine 3. Yeye huandika dawa. Muuguzi wa afya ya akili humhudumia mgonjwa wodini na kumfuatilia. Mshauri nasaha, kama wale walioko kwenye kliniki zetu za VVU, humsaidia mtu kukubali hali yake na kufanya uamuzi.

Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Yeye huchunguza jinsi mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, hutumia vipimo vya maswali, hutambua tatizo ni sonona, hofu iliyopindukia, mshtuko baada ya jambo la kutisha, ulevi au ulemavu wa kujifunza kwa mtoto, halafu hutibu kwa mazungumzo yenye mpango. Mazungumzo hayo yana idadi ya vikao, yana lengo, na kila baada ya muda hupimwa kama yanasaidia. Yasiposaidia, hubadilishwa, au mgonjwa hupelekwa kwa daktari apate dawa. Kwa wagonjwa wengine dawa na mazungumzo huenda pamoja.

Hapa niseme jambo moja pembeni, maana limewaumiza watu huku kwetu. Kifafa si ugonjwa wa kuzungumziwa ukapona. Mtoto anayeanguka na kutoa povu anahitaji dawa kila siku, na mara nyingine chanzo chake ni mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini, vijidudu vyake vikajikita kwenye ubongo. Huyo mpeleke kwa daktari.

Je, padre, katekista na wazee wa jumuiya hawatoshi? Wanafanya kazi kubwa, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuambiwa. Lakini padre hamfungi mtu mguu uliovunjika, huita gari. Mtu asiyekula wiki tatu, anayeona hana thamani hata ya kupokea salamu, naye aitiwe gari.

HAPA KWETU TUNA SABABU GANI?

Mkoa wetu wa Njombe una kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022-23, kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi hapa Njombe kilikuwa asilimia 12.7, wakati kwa nchi nzima kilikuwa asilimia 4.4. Dawa za kufubaza virusi zipo na ni bure. Hata hivyo sisi wauguzi tunamjua yule mgonjwa anayeacha dawa bila sababu inayoeleweka. Ukimwuliza, anakujibu, "Nimechoka tu." Mara nyingi uchovu huo ni sonona, na mtu mwenye sonona hufuata dawa kwa shida sana. Nyuma yake wapo watoto waliolelewa na bibi baada ya kuzika baba na mama, na leo watoto hao wenyewe ni wazazi.

Kisha tukumbuke mwishoni mwa 2018 na Januari 2019, watoto kadhaa walipotekwa na kuuawa mkoani hapa, na ikasemwa ni kwa imani za kishirikina. Wazazi walisindikiza watoto shuleni. Polisi walifanya kazi yao, na mazishi yalifanyika. Lakini watoto waliobaki, waliokuwa wakikaa dawati moja na marehemu, ni nani aliyewahudumia? Baadaye niliwaona baadhi ya watoto wa umri huo waliorudia kukojoa kitandani wakiwa na miaka 9, wakachapwa kwa uvivu. Mtoto huyo si mvivu. Ameogopa, na mwili wake bado unaogopa.

Huko Mchuchuma na Liganga kuna shida ya namna yake. Tangu mkataba wa makaa ya mawe na chuma ulipotiwa saini mwaka 2011, familia za Nkomang'ombe, Mundindi na vijiji jirani ziliishi miaka mingi zikisubiri fidia, zikiogopa kupanda miti au kujenga nyumba ya kudumu. Kusubiri kwa namna hiyo huchosha moyo kuliko kazi. Na fedha nyingi zikiingia nyumbani kwa siku moja, baada ya miaka ya kutokuwa nazo, huleta ugomvi wao. Sisemi mgodi ni mbaya. Nasema kwamba daktari wa mapafu hatatosha.

Ulanzi sitauzungumzia sana leo. Kila mmoja anajua msimu wa mianzi unavyojaza wodi ya majeruhi.

MAZUNGUMZO YANATIBU NAMNA GANI?

Hapa ndipo yule baba alipokunja mikono kifuani, na sikumlaumu. Nitaeleza kwa mfano.

Chukua mama mjane kama yule wa kisa changu. Asubuhi anaamka na wazo moja: "Nimelaaniwa, sina ninachoweza." Kwa sababu ya wazo hilo hatoki nje. Kwa sababu hatoki, bustani inaota magugu. Akiyaona magugu anasema, "Unaona? Kweli sina ninachoweza." Wazo limezaa tendo, na tendo limerudi kulilisha wazo. Mtaalamu hamwambii "acha mawazo" wala "wenzako wana shida kuliko wewe". Maneno hayo tunayapenda sana, na hayajawahi kumponya mtu. Yeye huanza na kitu kidogo kinachopimika: kesho palilia matuta mawili, basi, halafu niambie ulijisikiaje kabla na baada. Wiki inayofuata huongezwa, na polepole lile wazo lenyewe huletwa mezani na kuulizwa ushahidi wake, kama baraza linavyouliza shahidi. Njia hii iliendelezwa na daktari Mmarekani Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960, na imefanyiwa utafiti mwingi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi tutazame Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani jijini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi humwezesha mgonjwa kutaja shida zake zote, kuchagua moja, na kutafuta hatua ya kwanza ya kuitatua. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusu wagonjwa zaidi ya 500, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi kama hilo limefika hata Zanzibar.

Lakini angalieni: wale bibi hawakuachwa peke yao. Kulikuwa na aliyewafundisha, aliyewasimamia, na aliyepokea mgonjwa mzito waliyeshindwa kumsaidia. Bila mtaalamu nyuma yake, benchi hubaki benchi.

KOZI YENYEWE, NA KWA NINI NI VIGUMU KUIANZISHA

Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Lightner Witmer, aliletewa kijana mwenye akili nzuri aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa usahihi. Akaanzisha kliniki ya kuwasaidia watoto wa namna hiyo, na huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa saikolojia tiba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliporudi Marekani na majeraha ya ndani, wataalamu walikutana Boulder mwaka 1949 wakakubaliana kwamba anayesomea kazi hii afundishwe utafiti na tiba kwa pamoja. Msingi huo ndio unaofuatwa na vyuo vingi mpaka leo.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili hufundishwa katika ngazi ya uzamili. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinayo shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, nacho Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo, na Makerere vilevile. Mwanafunzi husoma magonjwa ya akili, makuzi ya mtoto, vipimo na njia za tiba, huandika tasnifu ya utafiti, na hufanya kazi na wagonjwa halisi wodini na kliniki.

Mara nyingine nasikia viongozi wakisema katika mikutano, "Tuanzishe kozi hii na huku Nyanda za Juu Kusini." Ningefurahi sana. Ila kozi hii haianzishwi kwa darasa na ubao. Mtaala wake lazima ukubaliwe na Tume ya Vyuo Vikuu. Lazima wawepo walimu ambao wenyewe wanatibu. Lazima iwepo hospitali yenye wagonjwa wa aina zote. Na kubwa kuliko yote ni usimamizi: kila mwanafunzi anapoanza kumwona mgonjwa, yupo mkubwa anayepitia naye kila kikao, alisema nini, kwa nini, na alinyamaza wapi. Msimamizi mmoja hawezi kubeba wanafunzi 40. Ndiyo maana madarasa haya huwa madogo popote duniani. Afrika Kusini, baada ya masomo ya uzamili, mhitimu hufanya mwaka 1 wa mazoezi chini ya usimamizi na mwaka 1 wa kutumikia jamii kabla ya kujitegemea.

Kuna jambo lingine ambalo kwa maoni yangu linapuuzwa, nalo ni lugha. Kipo kipimo cha maswali 9 cha kutambua sonona, kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kinatumika nchini. Ni kizuri. Lakini mama wa kijijini ukimwuliza kama ana huzuni, atasema hana. Mwulize kama ana mawazo mengi, kama mwili umekuwa mzito, kama chakula hakina ladha, na kama usiku ni mrefu, hapo atakujibu. Bibi wa Kipangwa au Kibena ana maneno yake mengine tena. Kozi nzuri humfundisha mwanafunzi kuyasikiliza hayo, na binti aliyezaliwa Ludewa ana mtaji ambao wa Dar es Salaam hana. Nilipolisema hili, baba yule alikunjua mikono.

KWA MZAZI NA KIJANA ANAYEFIKIRIA KAZI HII

Kijana humaliza kidato cha sita, kisha shahada ya kwanza, kisha uzamili, ambao kwa kawaida ni miaka 2. Kila chuo kina masharti yake ya shahada gani inakubalika, hivyo soma mwongozo wa chuo chenyewe kabla ya kutuma fedha, na uulize kama kozi inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Usihesabu kwamba mkopo uliosomesha shahada ya kwanza utaendelea tu.

Kuhusu ajira sitawadanganya. Hospitali nyingi za wilaya na za misheni hazina mtaalamu huyu hata mmoja. Mhitimu anaweza kupata kazi hospitali kubwa, vyuoni au kwenye mashirika, lakini asitegemee kukuta kiti kimeandaliwa Ludewa mjini.

Na wajihadharini na njia za mkato. Siku hizi mtu akihudhuria semina ya siku mbili anarudi na cheti, na juma linalofuata yupo redioni akijiita mwanasaikolojia. Mimi mwenyewe nina vyeti vya semina saba, navitunza kabatini, na havijanifanya mtaalamu. Kenya walitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014 ili kuweka mipaka. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza anayemtibu: umesomea wapi, na nani anakusimamia?

TUFANYEJE WAKATI TUKISUBIRI?

Ukimwona ndugu amebadilika kwa zaidi ya wiki mbili, halali, hali, hataki watu, haoni raha kwa aliyoyapenda, mlete hospitali na umweleze daktari mambo hayo yote, siyo tumbo tu. Ukihofu kwamba anafikiria kujiua, mwulize wazi. Watu wengi, hata sisi wauguzi, huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali kwamba ndivyo, asiachwe peke yake hata usiku, na sumu ya viazi na ya mahindi iondolewe nyumbani siku hiyohiyo. Aliyekwisha kunywa sumu msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yake ili daktari aione.

Akitoka hospitali salama, kazi haijaisha. Tumezoea kuosha tumbo, kumpa siku mbili za mapumziko na kumruhusu, huku kilichomfanya anywe bado kinamsubiri nyumbani. Mwombeni daktari tarehe ya kumwona tena, na mumsindikize siku hiyo.

Yule baba kabla ya kuondoka aliniuliza swali moja la mwisho: "Sasa dada, akimaliza atarudi huku?" Nilimwambia sijui. Kwanza lazima awepo wa kumlipa. Pili, kazi hii inahitaji chumba chenye mlango unaofungika, maana hakuna mtu atakayesimulia ya mtoni mbele ya foleni ya kliniki. Hospitalini kwetu chumba kimoja kidogo karibu na maabara kimejaa magodoro yaliyochanika tangu miaka mingi. Jumatatu iliyofuata niliandika barua kwa uongozi kuomba magodoro yahamishwe. Wamesema watakuja kupima mlango.